Nne Nukta Moja

Jumanne ile Fundi Koti aliingia chumba cha baridi namba moja bila koti. Alikuwa akienda kusoma kipimajoto tu, kazi ya dakika moja, na skrini ya mlangoni ilikuwa ya kijani. Saa nane na robo mchana wapakiaji walimkuta amelala kati ya safu mbili za kreti za matunda, kalamu bado nyuma ya sikio. Gesi ya kupozea ilikuwa imevuja kwenye bomba kuukuu linalopita vyumba vyote vinne. Haina rangi wala harufu; humchukua mtu kama usingizi. Koti lake zito la kijivu, lililompa jina, lilibaki kwenye msumari wa chumba cha mitambo.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, mpelelezi wa ofisi ya usalama kazini alikuwa amesimama mbele ya msumari huo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya kutembelea, na hakuwa na desturi ya kukaa anapouliza maswali. Msimamizi wa ghala alikuwa amemsogezea kiti mara mbili. Mara ya tatu akakikalia mwenyewe.

"Mama, tumalize," msimamizi alisema. "Ufunguo wa kengele ulikuwa kwenye alama ya kimya. Marehemu hakupenda kelele, kila mtu hapa anajua. Mungu amrehemu, lakini aliizima kengele mwenyewe."

"Nani aliukuta ufunguo hapo?"

"Mimi."

"Na vyumba vingine?"

"Namba mbili, tatu na nne vinafanya kazi. Hatuwezi kufunga ghala zima kwa uzembe wa mtu mmoja. Ripoti yako inatakiwa saa kumi jioni, sivyo?"

"Saa kumi," mpelelezi alisema, akatoka.

Dada mdogo wa marehemu alikuwa mpakiaji wa chumba namba tatu. Alikuja akivua glavu, macho makavu, kichwa kimefungwa kitambaa cheusi.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimekwisha poa, mama. Niulize."

"Siku ile kengele ililia lini?"

"Baada ya kumkuta. Nilibonyeza kile kitufe chekundu kwa ngumi. Ililia mpaka masikio yakaziba."

"Ikazimwa na nani?"

"Bosi. Alisema tunasikika mpaka barabarani."

Mpelelezi aliurudia mlango wa chumba cha mitambo, akazungusha ufunguo wa kengele hadi kwenye alama ya kimya, akabonyeza kitufe chekundu. Kimya kabisa. Akaurudisha ufunguo, akabonyeza tena. Ghala lilijaa mlio. Wapakiaji wakamiminika kutoka vyumba vyote, mmoja amekumbatia kreti kama mtoto, na msimamizi akatokea ofisini na kikombe kilichokwisha kumwagika.

"Samahani," mpelelezi alisema kwa sauti. "Ni jaribio. Rudini kazini."

Kisha akamgeukia yule dada. "Ufunguo ukiwa kwenye kimya, hata kitufe hakisaidii. Wewe ulibonyeza, kengele ikalia. Kwa hiyo ufunguo ulikuwa mahali pake. Kaka yako hakuuzima."

Dada alishika ukingo wa meza. "Mama yetu ameambiwa kaka alijiua kwa uzembe. Haulizi tena. Anakaa tu, anatazama mlango." Akakitazama kitufe chekundu. "Sasa mbona haikulia yenyewe?"

"Hiyo ndiyo sababu ninayoitafuta. Kaka yako alikuwa akiandika wapi?"

Dada aliliendea koti, akasita, akaingiza mkono mfukoni. Alitoa daftari dogo lililokunjwa pembe, lenye kamba ya kiatu badala ya alama ya kurasa.

"Alisema mashine inasoma, lakini haijali," dada alisema. "Kwa hiyo alikuwa anaandika mwenyewe."

Mpelelezi alilipokea kwa mikono miwili. Kisha akafungua kiboksi cha plastiki kilichokuwa ukutani. Ndani mlikuwa na bodi ya kompyuta isiyozidi kiganja. Bodi hiyo ndiyo iliyosoma vihisio vya joto na gesi vya chumba namba moja, ikaamua skrini iwe ya kijani au nyekundu, na kengele ilie au inyamaze. Ndani ya kifuniko palikuwa pamebandikwa utepe mweupe wenye jina la fundi Koti la kuingilia na neno lake la siri, kwa herufi kubwa, ili kila mwenye shida asimsumbue akila. Mpelelezi aliupiga picha ule utepe, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akaitia kwenye bahasha, akaandika saa.

Shemeji yake mpelelezi alikuwa na kibanda cha kutengeneza ving'amuzi vya televisheni. Meza yake ilikuwa na maiti za ving'amuzi kumi na saba, vyote matumbo nje.

"Ofisi yenu haina wataalamu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Inaye mmoja. Yuko likizo mpaka Ijumaa."

"Basi nimepandishwa cheo. Mshahara?"

"Dada yako atakupikia."

"Dada yangu ni mke wa kaka yako, na kaka yako ndiye anayepika. Lete kadi."

Aliitia kwenye kisomeo. Mistari ikaanza kupita kwenye kompyuta yake. Mpelelezi alitembea kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua nne kwenda, nne kurudi.

"Utanitoboa sakafu, shem."

"Niambie unachoona."

"Hii kitu ni ndugu wa king'amuzi. Mfumo uleule wa Linux, bodi ndogo ileile. Haya, hapa kuna vipimo vya kila saa. Safu ya joto, safu ya gesi. Kengele hulia gesi ikifika kumi."

"Soma gesi ya Jumanne, saa moja asubuhi mpaka saa nane."

"Nne nukta moja. Tatu nukta tisa. Nne. Nne nukta moja. Nne nukta mbili..."

"Rudi nyuma wiki mbili."

"Sifuri nukta sita. Sifuri nukta saba. Sifuri nukta sita tena." Shemeji alisogeza uso karibu na kioo. "Ikapanda ghafla Alhamisi kabla ya msiba, halafu ikaganda hapo kwenye nne. Gesi haigandi namna hii."

Mpelelezi alisimama. Alifungua daftari la marehemu penye kamba ya kiatu. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyefundishwa kuandika kwa chaki: herufi pana, zimenyooka. *Jumanne. Kipimajoto cha ndani. Saa moja, 4.1. Saa mbili, 3.9. Saa tatu, 4.0.*

Aliliweka kando ya kompyuta. Walisoma wote wawili, kidole kimoja kwenye karatasi, kingine kwenye kioo, saa kwa saa. Namba zilikuwa zilezile.

"Hii si gesi," mpelelezi alisema. "Ni joto la ndani ya chumba."

"Basi gesi ingejaa mpaka darini, skrini ingebaki kijani."

"Kwa nini?"

Shemeji alivuta kiti, akaanza kuchimba kwa bidii. Dakika kumi zilipita bila mzaha hata mmoja. Mwishowe akavua miwani.

"Sikiliza. Programu haifanyi kila kitu yenyewe. Ina vifurushi vya kazi zilizokwisha andikwa, tunaviita maktaba. Maktaba moja hapa kazi yake ni kusoma vihisio. Chukulia ni kabati la droo. Toleo la pili, lile la zamani, lina droo tatu: joto la mlangoni, joto la ndani, gesi. Toleo la tatu limepunguzwa. Droo mbili: joto, kisha gesi."

"Na kwenye bodi liko lipi?"

"La pili. Lakini programu hii mpya ilijengwa kwa kutumia la tatu. Imefundishwa kwamba gesi iko droo ya pili. Inafungua droo ya pili ya kabati la zamani..."

"...inakuta joto la ndani."

"Ndiyo hivyo. Na joto inaloonyesha kama la chumba ni la mlangoni."

Mpelelezi alifungua ukurasa wa Ijumaa wa daftari. Pembeni, kwa herufi ndogo, marehemu aliandika: *Skrini inazidi nusu nyuzi. Uliza.* Jumamosi: *Nimeuliza. Wamesema ni kawaida.* Jumatatu: *Bado inazidi.*

Shemeji alisoma naye, akakohoa.

"Matoleo yasipolingana programu si ingekataa kuwaka?" mpelelezi aliuliza.

"Ingekataa. Na ilikataa, malalamiko yake haya hapa, ya Jumatano usiku. Inasema: nataka toleo la tatu, silioni, naondoka. Huo ndio ulinzi wenyewe. Lakini mtu akaja akalibandika toleo la pili jina la toleo la tatu. Amri moja fupi. Programu ikaona jina, ikaridhika." Alitikisa kichwa. "Hata mimi nimewahi kufanya hivyo kwenye king'amuzi. Ubaya wake ni picha kuwa ya kijani. Mtu hafi kwa picha ya kijani."

"Amri hiyo ilitolewa na nani?"

"Jina la kuingilia ni la marehemu."

"Neno lake la siri liko kwenye utepe. Hata paka wa ghala analijua. Saa ngapi?"

Shemeji alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanze kuchimba. "Tarehe mosi Januari, mwaka elfu moja mia tisa na sabini. Saa sita usiku na dakika arobaini na moja."

"Usinitanie."

"Sikutanii, shem. Bodi hizi hazina betri ya saa. Zikizimika husahau, zikiwaka huanza kuhesabu upya kutoka mwaka sabini mpaka ziulize saa kwenye mtandao. Hii haikuuliza, kwa kuwa kebo ya mtandao ilikuwa imechomolewa. Mtu aliichomoa ili achomeke laptopu yake."

Mpelelezi alikuwa ameshafungua kalamu. "Kwa hiyo si mwaka sabini. Ni dakika arobaini na moja baada ya bodi kuwaka."

"Haya, nani mtaalamu hapa?"

"Kebo ilirudishwa lini?"

"Dakika ya hamsini na mbili. Hapo ikapata saa ya kweli: Alhamisi, saa nne na dakika mbili asubuhi. Na siku hiyo iliwaka mara moja tu."

Aliandika, akatoa dakika hamsini na mbili. Bodi iliwaka saa tatu na dakika kumi. Jina la bandia liliwekwa saa tatu na dakika hamsini na moja.

Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye kofia iliyompita ukubwa. Alikuwa na madaftari mawili na hakutaka yashikwe na mtu mwingine.

"Umeme, mama? Mimi ndiye niwashaye jenereta, kwa hiyo naandika. Alhamisi ile ulikatika saa mbili na nusu. Jenereta likagoma, likaniaibisha mbele za watu. Umeme ukarudi... saa tatu na dakika kumi."

"Una uhakika na hizo kumi?"

"Nilikuwa natukana huku naitazama saa."

"Fundi Koti alikuwa wapi siku hiyo?"

Mzee alilamba kidole, akafungua daftari la pili taratibu. "Marehemu... ametoka saa tatu na nusu. Alipeleka kile kipimo cha mkononi cha gesi kikakaguliwe, bosi alimtuma. Karudi saa tano kasoro robo. Alinipa maandazi mawili. Hayo sikuandika."

"Nani mwingine aliingia asubuhi hiyo?"

"Gari la bosi, saa tatu kasoro tano. Watu wawili."

"Wa pili nani?"

"Mgeni wa bosi haandikwi jina, ndiyo amri. Lakini macho yangu hayajapewa amri." Alishusha sauti. "Ni yule wa kompyuta. Yule wa simu mbili. Alitoka mbio saa nne na kitu, hata salamu hakunijibu."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika chache. Mtaalamu wa programu alikuwa ameitwa na msimamizi kuja kutia saini maelezo yake. Mpelelezi alimkuta ofisini, mtu wa miaka thelathini na mitano hivi, simu mbili zimepangwa mezani sambamba. Mpelelezi alibaki wima. Msimamizi alisimama dirishani.

"Umeandika kwamba ulituma programu Jumatano kwa mtandao," mpelelezi alisema.

"Ndiyo, madam."

"Ukaijaribu?"

"Kwangu ilipita vizuri kabisa."

"Kwako kuna vyumba vya baridi?"

Mtaalamu alitabasamu kidogo. "Namaanisha kwenye kompyuta yangu."

"Na ghalani ulifika lini?"

"Wiki ile nzima sikufika. Aliyeingia Alhamisi alitumia jina la fundi. Imo kwenye kumbukumbu."

"Saa ngapi?"

"Tarehe imeharibika. Haiwezekani kujua."

Mpelelezi aliweka mezani nakala ya daftari la geti, kisha ya daftari la umeme, kisha karatasi yake mwenyewe. "Bodi iliwaka saa tatu na dakika kumi. Dakika ya arobaini na moja mtu akalibandika toleo la pili jina la toleo la tatu. Saa tatu na dakika hamsini na moja fundi alikuwa nje ya geti. Wewe ulikuwa ndani."

Simu moja ilitetemeka mezani. Hakuna aliyeitazama.

"Ilikataa kuwaka," mtaalamu alisema hatimaye. "Bodi za hapa ni za zamani. Kwa kawaida ninajenga programu kwa maktaba zilizotolewa kwenye bodi yenyewe. Safari hii nilijenga na za bodi mpya, nilikuwa na haraka. Kurudia kungechukua siku nzima, na lori lilikuwa getini, na bila skrini ya kijani mlango haufunguki."

"Nani alikwambia usirudie?"

Mtaalamu alitazama dirishani. Msimamizi aligeuka.

"Nilimwambia aiwashe!" msimamizi alisema. "Sikumwambia aue mtu!"

"Na Jumamosi fundi aliuliza kwa nini skrini inazidi nusu nyuzi. Nani alimwambia ni kawaida?"

Msimamizi aligeukia tena dirisha. Mpelelezi alisubiri, akaandika kwamba hakujibu. Kisha akamrudia mtaalamu.

"Programu hiyo iko chumba namba moja tu?"

Mtaalamu alizipanga upya simu zake.

"Nimekuuliza."

"Ilipokubali kuwaka... nilinakili kadi. Ni rahisi zaidi hivyo. Zote nne, madam. Zote nne ni sawa."

Mpelelezi alikuwa tayari mlangoni. "Kipimo cha mkononi kiko wapi?"

"Kabatini," msimamizi alisema, "lakini nani kakuruhusu..."

Alikichukua bila kusubiri ruhusa. Alipopita ukumbini alibonyeza kitufe chekundu kwa ngumi. Kengele ililia. Wapakiaji wa namba mbili walitoka, wa namba nne wakatoka, wakicheka na kunung'unika. Mmoja akasema, "Ni yule mama na majaribio yake!" Namba tatu hakutoka mtu.

Skrini ya namba tatu ilikuwa ya kijani: joto, tatu nukta nane.

Alivuta mlango. Baridi ilimpiga usoni. Alinyoosha mkono wenye kipimo mbele, yeye mwenyewe akabaki kizingitini, namba zikaanza kupanda: tano, saba, tisa. Ndani, nyuma ya kreti, watu wanne walikuwa wakiendelea kupakia.

"Tokeni!"

"Si jaribio tu?" mmoja aliuliza.

"Tokeni sasa hivi! Acheni kila kitu!"

Walitoka wawili, kisha wa tatu, akijishika kichwa na kulalamika kwamba kinamuuma tangu saa sita. Wa mwisho alikuwa mdogo wake fundi Koti. Alitembea polepole, kreti mikononi, kama mtu anayekumbuka jambo. Mpelelezi alimshika kitambaa cha kichwa, bega, chochote kilichoshikika, akamvuta nje. Kreti ilianguka, matunda yakabingirika ukumbini.

Kipimo kilisimama kwenye kumi na mbili.

Wakaketi sakafuni, migongo ukutani. Hiyo ndiyo mara ya kwanza siku ile mpelelezi kukaa. Dada alivuta pumzi, akatazama skrini ya kijani juu yao, akatazama namba iliyokuwa mkononi mwa mpelelezi.

"Tatu nukta nane," alisoma.

"Hilo ni joto. Gesi ni hii."

"Kaka aliliona hili kosa, eti?"

"Aliona nusu nyuzi. Aliandika mara tatu."

Dada alinyoosha mkono, akapewa daftari. Hakulifungua. "Nitampelekea mama," alisema.

"Leo nalihitaji, ni ushahidi. Lakini ukurasa huo nitakupa nakala, na nitakuja mwenyewe kumsomea."

Saa kumi kamili ripoti ilipelekwa. Mstari uliosema marehemu alizima kengele ulikuwa umefutwa, na chini yake yameandikwa majina mawili, la msimamizi na la mtaalamu. Vyumba vinne vilifungwa kwa siku tisa. Bodi zote ziliondolewa, na programu ikajengwa upya na mtu mwingine kwa maktaba zilizotoka kwenye bodi zenyewe.

Siku hizi, pamoja na skrini, kila chumba hupimwa kwa mkono kila nusu saa na namba huandikwa kwenye daftari. Zamu ya asubuhi ni ya mdogo wake fundi Koti. Huvaa koti la kijivu. Mikono ya koti ni mirefu, kwa hiyo ameikunja mara mbili.